UZI: "Mchezaji wa 12" ni mali ya nani? Vyuo vikuu vya Marekani na misemo ya mashabiki wao

Mleta uzi (Houston)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auweke kiporo, ausome jioni akitulia.

Ninafanya kazi katika karakana ya kuchapisha fulana hapa Houston, Texas. Mwaka jana, wiki chache kabla ya msimu wa futiboli ya Kimarekani kuanza, aliingia mama mmoja Mtanzania ambaye mwanawe anasoma Chuo Kikuu cha Texas A&M. Alikuwa ametumwa na wazazi wenzake kuagiza fulana 60 za rangi ya damu ya mzee, ambayo ndiyo rangi ya chuo hicho, na mgongoni ziandikwe kwa herufi nyeupe "12th Man", yaani mchezaji wa kumi na mbili. Bosi wangu hakuuliza saizi wala siku ya kuchukua mzigo. Aliuliza leseni iko wapi. Yule mama akanigeukia, akasema kwa Kiswahili: "Baba, leseni ya kusema shabiki ni mchezaji wa kumi na mbili? Mbona kwetu hata redioni wanasema kila siku?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, Uwanja wa Benjamin Mkapa ukishafurika, ni mtangazaji gani atakayemaliza kipindi cha kwanza bila kumtaja mchezaji wa kumi na mbili? Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na ndilo ninalolileta.

Kisa kinaanzia Dallas, tarehe 2 Januari 1922, Texas A&M walipokutana na Centre College ya Kentucky, timu ndogo iliyokuwa tishio nchi nzima wakati ule. Majeruhi walipozidi, kocha Dana X. Bible alimkumbuka kijana aitwaye E. King Gill, ambaye alikuwa ameacha futiboli ili achezee timu ya mpira wa kikapu, na ambaye siku hiyo alikuwa juu kwa waandishi wa habari akiwasaidia kuwatambua wachezaji. Gill aliteremka, akavaa jezi ya mwenzake aliyeumia, akasimama pembeni mwa uwanja akisubiri kuitwa hadi mchezo ukaisha. Hakuingia hata dakika moja. A&M walishinda 22 kwa 14, na kwa kumbukumbu yake wanafunzi wa chuo hicho husimama mchezo mzima, saa tatu na ushei, kuonyesha kwamba nao wako tayari. Mimi nimeingia Kyle Field mara moja, uwanja unaochukua watu zaidi ya 100,000. Niliketi kidogo nifunge kamba za kiatu, na kijana aliyekuwa mbele yangu akageuka kunitazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Sasa, msemo wenyewe ni mkongwe kuliko Gill. Jarida la Chuo Kikuu cha Minnesota lilimtaja mchezaji wa kumi na mbili mwaka 1900, likimaanisha mshangiliaji, na jarida la wahitimu wa Iowa likafanya hivyo mwaka 1912. Hata hivyo ni A&M waliouchukua wakaupeleka ofisi ya alama za biashara, na usajili wao wa kwanza ukatoka mwaka 1990.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojichanganya, kwa sababu tunadhani alama ya biashara ni tuzo anayopewa mtunzi. Anayelindwa kwa utunzi analindwa na hakimiliki, na maneno mawili matatu hayapati hakimiliki. Sheria ya alama za biashara ya Marekani, inayojulikana kama Sheria ya Lanham ya mwaka 1946, haina haja na aliyetangulia kuyatamka maneno. Inamtazama mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu: akiyaona maneno haya kwenye fulana, anaamini fulana hiyo imetoka kwa nani, au imetolewa kwa idhini ya nani? Minnesota waliyaandika wakayaacha gazetini, ilhali A&M waliyauza kwenye fulana, kofia na vikombe miaka nenda miaka rudi. Na kinachoufunga msemo kwenye jina la chuo si wakili, ni yule kijana anayesimama saa tatu akipiga kelele. Shabiki ndiye anayeifanya mali iwe mali, kwa koo lake mwenyewe, kisha anauziwa.

Kesi iliyowafanya watu wengi waujue mgogoro huu ni ya Januari 2006. Klabu ya Seattle Seahawks ya ligi ya kulipwa ya NFL ilikuwa imebakiza siku chache icheze fainali ya Super Bowl, A&M walipokimbilia mahakama ya Texas na kupata zuio la muda. Seattle nao hawakuwa wageni wa jambo hili, kwani waliistaafisha jezi namba 12 tangu Desemba 1984 kwa heshima ya mashabiki wao. Mwezi Mei wakapatana nje ya mahakama: Seahawks walipe dola 100,000 kwanza, halafu dola 5,000 kila mwaka, na waruhusiwe kuutumia msemo kwa masharti. Mkataba ulipohuishwa mwaka 2016 masharti yalikazwa zaidi, na taratibu klabu ikahamia kwenye tarakimu tupu, ikawaita mashabiki wake "12s". Indianapolis Colts walishtakiwa Novemba 2015, na miezi michache baadaye wakakubali kuyaondoa maneno hayo kwenye uwanja wao.

Kwa wanaoona ni ulafi mtupu, nawaongezea kisa kimoja. Mwandishi aliyekuwa akiandika maisha ya Gill alikuta sehemu ya kazi yake imewekwa kwenye tovuti ya idara ya michezo ya A&M mwaka 2014, kabla kitabu hakijatoka. Aliposhtaki, mahakama zikaamua kwamba chuo ni chombo cha jimbo na kina kinga dhidi ya madai ya hakimiliki ya namna hiyo. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ikalithibitisha hilo mwaka 2022. Chuo kinaweza kukupeleka mahakamani kwa maneno mawili, lakini wewe ukitaka kukishtaki kwa kurasa zako, mlango umefungwa. Sheria ina sababu zake, nami nimezisoma, ila bado naona ni msumeno unaokata upande mmoja.

Na msidhani ni maneno tu. Mwaka 2008 mahakama hiyohiyo ya Mzunguko wa Tano iliamua kesi ya Louisiana State na vyuo vingine vitatu dhidi ya Smack Apparel, kampuni ya Florida iliyochapisha fulana zisizokuwa na nembo ya chuo chochote. Zilikuwa na rangi za chuo, kwa mfano zambarau na dhahabu za Louisiana State, pamoja na vijembe vya matokeo ya mechi ambavyo shabiki yeyote angevielewa. Mahakama ilisema rangi zikiunganishwa na vidokezo vya aina hiyo zinatosha kuwa alama ya chuo, na kampuni ikashindwa. Mwaka huohuo duka moja la mjini Lawrence, Kansas, lilibanwa na chuo kikuu cha hapohapo kwa fulana zaidi ya 200 tofauti, baadhi zikiwa za utani dhidi ya mahasimu wao wa chuo cha Missouri. Jopo la raia waliosikiliza kesi lilizipitia, likasema makumi kadhaa kati yake zimevuka mpaka na nyingine zote ziko salama. Nawaonea huruma raia wale, kwa kuwa nakuhakikishieni hakuna fulana hata moja ambayo ningeweza kuitabiria.

Karibuni.

Mchangiaji (Morogoro)

Mleta uzi, ahsante kwa darasa. Kwa maoni yangu huu ni wizi uliovaa tai. Chuo hakikutunga, hakikushangilia, hakikusimama juani, halafu kinakuja kudai ushuru wa maneno ya watu. Tusisahau kwamba sisi wenyewe tumeshafanyiwa hivyo: Disney waliomba "Hakuna Matata" iwe alama yao kwa nguo tangu mwaka 1994, wakasajiliwa mwaka 2003, na watu wakashtuka mwaka 2018 ombi la kupinga lilipozagaa mtandaoni. Bibi yangu alikuwa akilisema neno hilo kabla Disney hawajalijua. Je, naye alikuwa akivunja sheria?

Mchangiaji (Nairobi, wakili)

Ndugu yangu wa Morogoro, bibi hana kosa lolote, wala wewe. Usajili ule ulihusu kuyatumia maneno yale kibiashara kwenye nguo nchini Marekani. Haumzuii mtu kuyasema, kuyaandika wala kuyaimba. Wala si kila ombi hupita bila upinzani. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe neno "Kikoy", ombi likapingwa kwa niaba ya wafumaji na wauzaji wa kikoi, na mwishowe likaachwa. Msemo uliokwisha kuwa jina la kitu chenyewe haufungiwi kirahisi.

Ila naona mleta uzi ameiruka kesi ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote, ya "March Madness", wazimu wa Machi. Leo ukiyasema maneno hayo kila mtu anafikiria mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo yanayoendeshwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, lakini asili yake ni mashindano ya shule za sekondari za Illinois. Henry V. Porter, aliyekuwa kiongozi katika chama cha michezo cha shule hizo, aliandika makala yenye jina hilo mwaka 1939, na jimbo zima likalizoea. Kisha mwaka 1982 mtangazaji Brent Musburger akalitumia kwenye televisheni akitangaza mashindano ya vyuo, na umma ukalihamisha bila kumuuliza mtu. Chama cha Illinois kilipofungua kesi dhidi ya kampuni ya mchezo wa kompyuta uliopewa leseni na NCAA, Jaji Richard Posner aliamua mwaka 1996 kwamba jina limekuwa na maana mbili kwa mpigo, na kwamba mahakama haiwezi kuwanyang'anya watu maana waliyoizoea kwa sababu tu mwenye jina alichelewa kuamka.

Chama cha Illinois na NCAA wakaona heri wale sahani moja. Mwaka 2000 waliunda kampuni ya pamoja ya kulimiliki jina, wakawa wanawabana wengine bega kwa bega. Baadaye NCAA ililipa dola milioni 17.2 ili kununua haki za kampuni ya Chicago iliyokuwa nayo na sehemu yake ya jina. Na ajabu ni kwamba baada ya gharama zote hizo NCAA ililihifadhi jina kwa mashindano ya wanaume peke yake. Timu za wanawake zilianza kulitumia mwaka 2022, baada ya kashfa ya mwaka 2021 ambapo mchezaji mmoja alionyesha kwa video chumba cha mazoezi cha wanawake kikiwa na kijirundo cha vyuma vyepesi, huku wanaume wamejaziwa ukumbi.

Kwa hiyo mimi simo katika kundi la wanaovilaumu vyuo moja kwa moja. Mwenye alama akilala, anaipoteza. Illinois walilala.

Mleta uzi (Houston)

Wakili, ahsante sana. Hiyo ya Illinois sikuiacha kwa makusudi, niliogopa urefu. Na nakubali kwamba mwenye alama analazimika kuilinda, ndiyo maana barua za mawakili huwafikia hata watu wadogo. Ninapotofautiana nawe ni kwenye swali la huyo mnunuzi wa mbele ya rafu. Sheria inamdhania kuwa ananunua kwa kuamini chanzo cha bidhaa, kama mtu anayechagua chapa ya sabuni. Mimi ninayewauzia kila siku naona mtu anayevaa fulana ya chuo ili watu wajue yeye ni wa kwao, na sidhani kama amewahi kujiuliza nani ameichapisha. Ni kama kanga: mwenye kuinunua anachagua jina lililoandikwa, hamchagui mwenye kiwanda.

Hoja hiyo si yangu peke yangu. Chuo Kikuu cha Penn State kilipoishtaki kampuni ya Vintage Brand mwaka 2021 kwa kuuza nguo zenye picha za zamani za chuo, Jaji Matthew Brann aliandika mwaka uliofuata kwamba haikubaliki kudhani tu kuwa mnunuzi anaiona picha ya chuo kama uthibitisho wa chanzo; lazima ithibitishwe. Wafuatiliaji wengi walitarajia kwamba jengo zima la leseni za vyuo lingetikisika. Novemba 2024 jopo likarudi na jibu: chuo kimeshinda, kilipwe dola 28,000. Kwa kampuni kubwa hizo si fedha za kukosesha usingizi, lakini kwa karakana kama yetu ni kufunga mlango.

Tukiwa hapohapo, kuna ushindi mmoja ambao wala haunichukizi, unanichekesha tu. Chuo Kikuu cha Ohio State kina jina rasmi tangu 1878 linaloanza na "The", na wachezaji wake waliofika NFL hulikazia neno hilo wanapojitambulisha, kiasi kwamba limekuwa mzaha wa nchi nzima. Agosti 2019 chuo kikaomba kisajiliwe neno hilo peke yake, "THE", kwa fulana na kofia. Ofisi ilikataa kwanza, ikisema kwamba neno likikaa kifuani au juu ya kofia hivyo ni pambo, si alama. Pia mbunifu Marc Jacobs alikuwa ametangulia kuliomba kwa miezi michache. Wakaelewana naye mwaka 2021, na Juni 2022 usajili ukatoka, ukiwa na mipaka ya bidhaa zinazouzwa katika biashara ya michezo na michezo ya vyuo. Sisi Waswahili hatuna hata neno la kulitafsiri, na wenzetu wameshalipatia hati.

Anayetaka kujua fedha zinapita wapi, atafute kofia yoyote halali ya chuo. Utakuta kibandiko kidogo kinachong'aa na kubadilika rangi ukikigeuzageuza kwenye mwanga. Mfumo huo ulijengwa na Bill Battle, aliyewahi kuwa kocha wa Tennessee, ambaye mwaka 1981 alianzisha kampuni ya kusimamia leseni za vyuo. Mwenye karakana anaomba leseni, anapeleka mchoro ukaguliwe, anakatwa asilimia ya kila anachouza. Karakana yetu haina leseni hiyo, na ndiyo sababu bosi alikuwa mkali kuliko kawaida yake. Kabla sijaajiriwa aliwahi kupokea barua ya mawakili wa chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kwa sababu ya vikombe 24 vya sherehe ya mahafali. Vikombe vile bado viko stoo. Tunanywea kahawa.

Mchangiaji (Muscat)

Assalaam alaykum. Ndugu mleta uzi, mbona dawa ni rahisi? Wale wazazi wangeandika kwa Kiswahili: "Mchezaji wa Kumi na Mbili". Chuo hakikusajili Kiswahili, na nani huko Texas angeelewa?

Mleta uzi (Houston)

Waalaykum salaam, kaka. Yule mama alilisema hilohilo akiwa bado amesimama kaunta, nami nililiona ni wazo la maana mpaka nilipoenda kusoma.

Kuna kanuni Marekani inayosema kwamba maneno ya lugha ya kigeni yanaweza kutafsiriwa kwa Kiingereza kwanza, kisha ndipo yalinganishwe na alama iliyokwisha kusajiliwa. Kinachoangaliwa ni kama mnunuzi wa kawaida wa Kimarekani anayeijua lugha ile angesimama akayatafsiri kichwani. Kwa Kihispania au Kifaransa kanuni hiyo ina meno. Kwa Kiswahili wakili angeweza kubisha, na pengine angeshinda. Shida inakuja kwenye kitambaa. Fulana ya damu ya mzee, yenye herufi nyeupe, inayovaliwa siku ya mechi mbele ya geti la Kyle Field, na mgongoni ina maneno yanayotafsirika kuwa "12th Man", inarudi palepale pa Smack Apparel: rangi pamoja na vidokezo. Lugha ingekuwa kinga dhaifu sana hapo, na wavaaji wenyewe wangekuwa wa kwanza kumweleza kila anayeuliza maana yake.

Huko Muscat, Dar es Salaam au Mombasa mambo ni mengine kabisa, kwa kuwa usajili wa Marekani hauvuki bahari. Kila nchi ina daftari lake. Mwenye kutaka kuuza fulana za "Mchezaji wa 12" Tanzania Bara atatazama daftari la BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na Zanzibar la wakala wa huko, BPRA, ambalo ni tofauti na la Bara. Mtangazaji wetu hana wa kumwogopa, maana kutangaza mpira si kuuza fulana.

Ama wale wazazi, walirudi baada ya siku tatu, safari hii watano, na wakajadiliana mbele ya kaunta kwa muda mrefu kuliko tulivyotumia kuchapisha. Mzee mmoja alipendekeza waondoe maneno wabakize rangi, mwingine wabakize maneno kwenye fulana ya kijani, na mama wa kwanza akakataa kijani kwa sababu mwanawe angemkana hadharani. Mwishowe walichukua fulana nyeupe, 60, zenye maandishi meusi mgongoni: "Wazazi Tumefika". Bosi aliniuliza maana yake mara mbili, akaniandikisha tafsiri kwenye karatasi ya oda na kuniamuru nitie sahihi, ndipo akawasha mashine.